Jinsi ya kumshawishi askari mwenye tatizo la pombe au dawa atafute msaada kabla hajakamatwa

Raia akizidiwa na pombe anaogopa watu watasema nini. Askari anaogopa zaidi ya hapo, anaogopa faili. Anaogopa kunyang'anywa silaha, kukosa kozi, kupitwa na cheo, jina lake kufutwa kwenye orodha ya wanaokwenda misheni, na mwisho kabisa kurudishwa nyumbani mikono mitupu wakati hana kazi nyingine anayoijua. Sasa ukimwendea na yale maneno yetu ya siku zote, acha pombe, pombe mbaya, fikiria watoto, unajichosha bure, hayo ameyasikia tangu akiwa kuruta na anaweza akakuhubiria wewe. Kinachomfanya asogee ni kujua kwamba kuna njia ya kupata tiba kabla hajaharibu, na kwamba njia hiyo itamgharimu kidogo kuliko kusubiri apimwe akutwe nayo au asababishe ajali. Kwa hiyo kazi yako, uwe komredi wake, mkewe, mumewe, ndugu yake au kamanda wake, ni kumuwahi.

Naandika pombe zaidi kwa sababu ndiyo inayoruhusiwa na ndiyo imejaa mesi, lakini mengi humu yanaenda pia kwa bangi, heroini, vidonge vya usingizi na vile vya maumivu.

Angalia vitu vidogo

Ukisubiri umkute amelala mtaroni utakuwa umechelewa sana, maana askari kafundishwa kusimama wima hata akiwa anaumwa, buti zinang'aa, kombati imenyooka, saluti safi kabisa, na bado ana pombe ya saa nane usiku kwenye damu. Kwa hiyo usiangalie kulewa, angalia mabadiliko. Mtu aliyekuwa anasimama mbele kwenye gwaride siku hizi anajipanga mstari wa nyuma na mdomo haukosi pipi ya minti. Kila wiki anabembeleza wenzake wabadilishane lindo la alfajiri. Siku tatu baada ya mshahara kantini wanamdai. Mkono unamtetemeka akijaza risasi kwenye magazini, alafu anaomba ruhusa ya kwenda chooni, anarudi baada ya dakika tano mkono umetulia kabisa.

Hiyo ya mwisho ishike vizuri. Kutetemeka kunakoisha mtu akipata kidogo maana yake mwili umeshazoea na sasa unadai, na mtu wa hivyo hata akitaka kuacha hawezi kuamka tu akaacha, nitalirudia hili huko chini kwa sababu linaua.

Kwa vidonge hali inakuja kimya zaidi. Goti liliumia kwenye mazoezi, mgongo ulipata shida kwa kubeba mizigo, akaandikiwa tramadoli, goti likapona ila vidonge havikuisha, sasa anazunguka zahanati ya kambi, hospitali ya nje na duka la dawa, kila sehemu na hadithi yake. Huyu mara nyingi hajioni kabisa kama ana tatizo kwa sababu alianza na karatasi ya daktari.

Alafu kuna wale waliorudi kutoka mapambanoni. Halali usiku, mlango ukibamizwa anaruka, hataki kukaa sehemu yenye watu wengi, na chupa ndiyo inayomlaza. Hapo kuna matatizo mawili, yanatakiwa kutibiwa pamoja, ukiondoa pombe tu ukaacha kile kinachomnyima usingizi anaweza kuirudia haraka.

Kama hujui uanzie wapi kupima, kuna maswali manne ambayo madaktari wanayatumia tangu yalipochapishwa na daktari John Ewing wa Marekani mwaka 1984. Umewahi kuona kwamba inabidi upunguze kunywa? Watu wakikusema kuhusu pombe unakasirika? Umewahi kujisikia vibaya, kama una hatia, kwa sababu ya kunywa? Umewahi kunywa asubuhi ili kutuliza mwili au kuzimua? Ndiyo mbili tu zinatosha kwenda kumuona mtaalamu. Shirika la Afya Duniani nalo lina maswali yake kumi, ukijumlisha ukapata alama nane au zaidi ni dalili kwamba unywaji umeshaanza kuwa wa hatari. Uzuri wa haya maswali mtu anaweza kujijibu mwenyewe chumbani bila kumuonyesha yeyote, na kwa askari hiyo siri ndiyo inayomfanya ajibu ukweli.

Kabla ya kumuuliza yeye, uliza utaratibu

Hii hatua watu wengi wanairuka na ndiyo inayoharibu kila kitu. Unamwambia askari "nenda kaongee na daktari wa kambi", anakuuliza "alafu daktari atamwambia nani?", unabaki unamtazama. Pale umemaliza kazi, hatokusikiliza tena.

Kwa hiyo nenda wewe kwanza, au piga simu, bila kutaja jina la mtu wala kikosi. Uliza askari akijileta mwenyewe kwa tatizo la pombe nani anajulishwa, inaandikwa kwenye faili la matibabu au faili la utumishi, silaha anabaki nayo au anahamishiwa kazi nyingine kwa muda, na je kuna tofauti gani kati ya aliyejileta na aliyepimwa mkojo akakutwa nayo. Swali la mwisho usilisahau. Majeshi mengi yana tofauti kubwa hapo, ila askari wa chini hawaambiwi au wanaambiwa siku ya kwanza depo wakiwa wamesinzia.

Nikupe mfano wa Marekani kwa sababu umeandikwa wazi. Mwaka 2019 jeshi lao la nchi kavu lilibadili utaratibu, askari mwenye tatizo la pombe akijipeleka mwenyewe kabla hajafanya tukio lolote anaweza kutibiwa bila kuingizwa kwenye programu ya lazima ya jeshi ya kutibu uraibu na bila kamanda wake kuarifiwa, isipokuwa pale daktari anapoona kuna hatari. Kabla ya hapo kila aliyeomba msaada alikuwa anaishia mezani kwa kamanda, kwa hiyo watu walikuwa wanasubiri mpaka wakamatwe na polisi barabarani. Na kwenye jeshi hilohilo, unayomwambia kasisi wa jeshi ukimwendea kwa ushauri wa kiroho ni siri kabisa, hana ruhusa ya kumwambia kamanda bila wewe kukubali.

Jeshi la huyo wa kwako linaweza kuwa na sheria tofauti kabisa, ndiyo maana nasema uliza. Kama siri haipo kambini, tafuta nje, hospitali ya kiraia, kituo cha tiba ya uraibu, vikundi vya watu walioacha pombe, Alcoholics Anonymous kwa mfano wapo tangu mwaka 1935 na hawaandiki jina la mtu. Ila usimdanganye. Kama ukweli ni kwamba atahamishwa ghalani miezi michache, mwambie hivyohivyo. Askari akikugundua umempaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwenye kitu kimoja, hata yale ya kweli hatoyaamini.

Siku ya kuongea naye

Usiongee naye akiwa amelewa, hiyo kila mtu anajua japo wengi tunaifanya. Usiongee naye mbele ya wenzake hata kwa utani, na ukiwa na cheo kikubwa kuliko yeye usimwite ofisini asimame wima mbele ya meza, maana pale atakujibu "ndiyo afande" kwa kila kitu na hutopata chochote. Wakati mzuri ni ile asubuhi au mchana baada ya usiku mbaya, akili imerudi, aibu bado haijapoa. Mtembee, mkae kwenye gari, msafishe silaha pamoja, wanaume wengi hasa wanaongea vizuri mikono ikiwa na kazi na macho hayatazamani.

Anza na kitu ulichokiona kwa macho yako, kimoja tu. Usianze na neno mlevi, usianze na neno teja, na usimpelekee orodha ya makosa ya mwaka mzima. Kitu kama hiki:

– Kaka, juzi pale kwenye ghala la silaha nilikuona mkono unatetemeka. Nimekaa na wasiwasi tangu siku ile.

– Ah, sikulala tu vizuri.

– Usingizi umekuwa ishu siku hizi?

– Tangu turudi kule silali. Bila kupiga kidogo sipati usingizi kabisa.

– Na hiyo kidogo imebaki kuwa kidogo?

– (Anacheka.) Sio sana.

Ona hapo, pombe ameitaja yeye mwenyewe. Ungeanza wewe na "unakunywa sana" angepanda ukuta na mngeishia kubishana bia ngapi ni nyingi. Watu tukisukumwa tunasukuma, na askari zaidi, kufundishwa kutetea sehemu yake ndiyo kazi yake.

Alafu kuna swali moja zuri sana linatumiwa na washauri wanaofuata mtindo ulioanzishwa na mwanasaikolojia William Miller kuanzia mwaka 1983, ambao baadaye aliuendeleza na Stephen Rollnick. Muulize, kuanzia sifuri mpaka kumi, unaona kuna umuhimu kiasi gani wa kupunguza au kuacha? Tuseme anakwambia nne. Wengi hapo tunauliza mbona nne tu, kwa nini sio nane, na ukiuliza hivyo anaanza kukupa sababu za kuendelea kunywa na kila anavyozitaja anazidi kuziamini. Wewe geuza. Muulize kwa nini umesema nne na sio sifuri. Sasa ataanza kukutajia mwenyewe, mke kahamia chumba cha watoto, mbio za kilomita nane zinamshinda, alikuwa karibu apate koplo, juzi alisahau kufunga usalama wa bunduki. Nyamaza. Acha aseme mpaka aishiwe. Alafu mrudishie maneno yake yaleyale, umesema mke, umesema mbio, umesema ile ya usalama wa bunduki, na baada ya hapo ndiyo unamuuliza, unaonaje tukafanya nini?

Hapo ndipo ile kazi yako ya kuuliza utaratibu inapolipa. Una jina la mtu wa kumuona, una namba yake, unajua nani ataambiwa na nani hatoambiwa, na uko tayari kwenda naye leo au kesho, usiache wiki ipite maana ile hali ya kutaka haikai. Akisema piga, piga mkiwa wote hapo. Mtu akiwa na miadi yenye saa na mwenzake wa kumsindikiza ni tofauti kabisa na mtu aliyesema "nitaangalia".

Akikataa usigombane wala usimtishe kwa kitu ambacho hutokifanya. Mwambie sawa, nimekusikia, nitakuuliza tena, na kweli umuulize tena. Mara nyingi hakubali kwenye mazungumzo ya kwanza, anakubali kwenye yale yanayofuata tukio ambalo limemtisha mwenyewe, na atamtafuta yule ambaye hakumdhalilisha.

Sasa kuna kufichiana, na hapa nitasema wazi maana linaniudhi. Komredi anamfanyia mwenzake lindo kwa sababu kazidiwa, anamsainia kitabu, anamwambia sajenti jamaa ana malaria, na wote wanaita huo ni undugu. Ukimfichia mara nne umemnunulia miezi minne zaidi ya kuzama, na siku risasi ikitoka vibaya utakuwa unajua ulikuwa unajua. Unaweza kukataa kusema uongo bila kumchoma, mwambie mapema, ndugu yangu lindo lako sitolishika tena na uongo sitosema, ila kwa daktari tunaenda wote.

Wewe ni mke, mume au mzazi

Familia huwa zinashauriwa ile njia ya kumvizia, ndugu wote wanakusanyika sebuleni, anaingia anakuta kikao, kila mtu anasoma barua ya machungu. Kwa askari mimi siipendi hata kidogo, mtu mwenye kumbukumbu za vita ukimzingira chumbani usitegemee atakaa atulie. Na hata kwa watu wa kawaida haifanyi vizuri kama watu wanavyodhani. Kuna utafiti wa Miller, Meyers na Tonigan wa mwaka 1999, walichukua watu 130 waliokuwa na ndugu wanywaji wasiotaka kabisa tiba. Waliofundishwa kuandaa kikao cha kumkabili, asilimia 30 ndio waliofanikiwa kumfikisha ndugu yao kwenye tiba. Waliofundishwa namna ya kuishi naye tofauti nyumbani, asilimia 64.

Kuishi naye tofauti kukoje? Akiwa hajanywa ndiyo wakati wa kukaa naye, kula naye, kucheka, kutoka pamoja, mapenzi, yote mazuri yahamie huko. Akiwa amekunywa hakuna ugomvi na hakuna huduma, unamwambia tu kwa sauti ya kawaida nitaongea na wewe kesho, unaondoka na watoto mnaenda kulala. Hupigi simu kambini kusema anaumwa. Hulipi deni lake la kantini. Humvui buti wala humfulii matapishi. Inaonekana ni ukatili ila ni kinyume chake, unaacha hasara ya pombe imfikie mwenyewe badala ya wewe kuibeba kila asubuhi. Wakati huohuo unatafuta ile dakika ambayo mwenyewe anasema nimechoka na hii hali, na unakuwa umeshaandaa sehemu ya kwenda.

Kama anakupiga, au unaogopa kwamba atakupiga, haya yote yaache. Kwanza toka wewe na watoto mahali salama, mengine yatafuata.

Wewe ni kamanda

Tuanze na ukweli mmoja, jeshi lenyewe ndilo limemimina kwa muda mrefu. Wanamaji wa Uingereza walikuwa wanapewa ramu kila siku kwa amri mpaka tarehe 31 Julai 1970. Wajerumani kwenye vita vya pili vya dunia waligawiwa Pervitin, ambayo ni methamfetamini, ili watembee bila kulala. Leo si kawaida kugawa hivyo, lakini angalia kikosi chako, cheo kipya kinasherehekewa kwa nini? Kuagana? Kurudi misheni? Asiyekunywa anaitwaje pale mesi? Ukijibu hayo utajua kwa nini hakuna anayekuja ofisini kwako kusema nina tatizo.

Vitu ambavyo viko mikononi mwako kabisa ni hivi. Siku ya kawaida, bila tukio lolote, simama mbele ya kikosi ueleze utaratibu wa kujipeleka na utaje nani anajua na nani hajui, dakika kumi zinatosha, na uirudie kila baada ya miezi kadhaa kwa sababu aliyekuwa hahitaji mwezi ule anahitaji mwezi huu. Tenganisha adhabu na tiba, mtu anaweza akaadhibiwa kwa kuchelewa lindo na bado akapelekwa kutibiwa, ila ukiifanya tiba yenyewe ndiyo adhabu kila mtu ataikimbia. Miadi ya kliniki iheshimu kama unavyoheshimu zoezi la kulenga shabaha, usimpangie doria siku hiyo alafu useme kazi kwanza. Na wa kwanza atakayejitokeza, kikosi kizima kitamwangalia huyo. Ukimtendea vizuri watakuja wengine kimyakimya, ukimfanya mfano wa kutania umefunga mlango kwa miaka.

Maofisa pia wanakunywa, tena wao hakuna wa kuwauliza. Hilo nalipita tu.

Usimwambie aache leo leo

Narudi kwa yule wa mkono kutetemeka. Mtu anayekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla, arosto ya pombe inaanza ndani ya saa 6 hadi 24, jasho, kutetemeka, kichefuchefu, moyo kwenda mbio. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, anaona vitu visivyokuwepo, homa inapanda, na hapo anaweza kufa. Sasa fikiria ameingia zoezi la msituni la siku tano bila chupa, au amewekwa mahabusu ya kambi ili akili imkae sawa. Ndiyo maana namsisitiza kila mtu, mpeleke kwa daktari ndiyo aache, asiache ndiyo aende kwa daktari. Hospitali watampa dawa za kumtuliza na kumpunguzia taratibu, pamoja na vitamini B1 ambayo wanywaji wengi wameishiwa na ikikosekana ubongo unaharibika.

Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu navyo ni hivyohivyo, kukata ghafla kunaleta degedege. Heroini na tramadoli, arosto yake inamtesa mtu vibaya, na tramadoli yenyewe kwa dozi kubwa inaweza kuleta degedege. Kuna dawa za kusaidia, methadoni na buprenofini kwa walio kwenye heroini na jamii yake, naltreksoni na akamprosati kwa wanywaji. Mwambie askari wako hili, wengi wanadhani tiba ni kukaa kwenye duara na kulia, wakisikia kuna dawa halisi inayopunguza ile hamu wanalegea.

Swali la silaha

Pombe, silaha na kukata tamaa vikikaa kwa mtu mmoja, uliza moja kwa moja. Unafikiria kujiua? Tumia neno hilohilo, usizungukezunguke na "usije ukafanya ujinga". Kumuuliza hakumpi wazo, aliye nalo tayari anapumua kwa sababu kuna aliyethubutu kuuliza. Akisema ndiyo, au akisita, usimwache peke yake hata kidogo. Silaha binafsi ya nyumbani itoke, akabidhiwe mtu mwingine au ghala, na kama anashika silaha ya kazi hapo siri inakwisha, kamanda na daktari wajue usiku huohuo. Mwambie mwenyewe kabla hujapiga simu, nakwenda kuwaambia na nitakuwa na wewe. Atakasirika. Sawa, akasirike akiwa hai.

Baada ya kukubali

Kuna hadithi moja ya kijeshi naipenda kuwaambia waliokata tamaa. Mwaka 1971 Marekani waligundua askari wao wengi Vietnam wanatumia heroini, Rais Nixon akaamuru wapimwe mkojo kabla ya kupanda ndege ya kurudi, aliyekutwa nayo anabaki kwanza asafishwe. Mtafiti Lee Robins akawafuatilia wakiwa nyumbani. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa ameshakuwa mraibu kule, lakini katika hao waraibu, waliorudia kuwa waraibu ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani walikuwa kama asilimia 5 tu. Sehemu kubwa ya sababu ilikuwa mazingira, vita kwao imeisha, wauzaji wa kule hawapo, marafiki wa kutumia nao wametawanyika.

Askari wako wewe bahati hiyo hana, anatoka tibani anarudi kitanda kilekile, mesi ileile, watu walewale wanamuita mzee karibu moja tu. Kwa hiyo mazingira inabidi myatengeneze nyie. Asipangwe kusimamia kantini. Ijumaa jioni awe na kitu cha kufanya, mpira, mazoezi ya uzito, kwaya, msikiti, chochote chenye watu na kisicho na chupa. Awe na mtu mmoja wa kumpigia saa tisa usiku, na mtu huyo simu yake isizimwe. Kabla hajatumwa misheni nyingine, panga mapema dawa na ushauri vitaendeleaje huko, usingoje afike.

Na ajue kabla, akiwa bado ana akili timamu, nini kitafanyika akiteleza, maana wengi wanateleza. Mtu wa heroini au tramadoli aliyekaa wiki kadhaa bila kutumia mwili wake umepoteza ule uzoefu, akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kuacha kupumua, na wengi wanaokufa wanakufa hivyo. Waliokaribu naye waulize hospitali kuhusu naloksoni, ni dawa inayozuia kifo cha namna hiyo ikiwahi, wajifunze kuitumia. Kwa mnywaji, akiteleza usiku mmoja usimwambie umeanza upya, hajaanza upya, mpigieni mshauri wake asubuhi hiyohiyo mwombe miadi iliyo karibu zaidi, na kama ameshakunywa siku kadhaa mfululizo msimkatishe wenyewe, arudi kwa daktari.